Kuhamisha Nyumba ya Maneno

Mwanadamu ana nyumba mbili. Ya kwanza ni ya miti, udongo au mawe, nayo humkinga na jua, mvua na upepo. Ya pili ni ya maneno, na humo ndimo watu wasiomjua humkuta. Husikia rai yake, huona picha alizozichagua, na hupima akili na tabia yake ingawa hawajapata kumpa mkono. Zamani nyumba hii ya pili ilikuwa milki ya wachache. Mtu alihitaji mtambo wa kupigia chapa, karatasi, na mchapishaji aliyekuwa radhi kumsikiliza. Siku hizi kijana mwenye simu na fedha kidogo za kununulia bando aweza kuijenga kwa jioni moja, akaiita tovuti yake, akaandika jina lake juu ya mlango, na kuwakaribisha walimwengu.

Lakini kila nyumba huchakaa. Baada ya miaka mitatu au minne mwenye tovuti huitazama kazi yake akaichoka. Rangi hazimpendezi tena. Vyumba vimejaa vitu visivyohusiana. Habari za mpira zimekaa bega kwa bega na maombolezo. Na mgeni akiingia hajui aelekee wapi. Ndipo mwenyewe hukata shauri la kuipanga upya. Ataibadili sura, na atachagua jambo moja ambalo tangu siku hiyo atalishughulikia. Wengi hudhani kwamba hiyo ni kazi ya mikono na macho tu, kama kupaka ukuta chokaa. Nataka tuichunguze pamoja, msomaji, kwa kuwa naamini ni kazi ya dhamiri pia. Swali letu ni hili: mtu anapopanga upya maneno aliyoyaweka mbele ya watu, ana wajibu gani kwa wale wanaoyasoma, na kwa wale waliotajwa ndani yake?

Swali hili lafaa sana kuulizwa katika nchi ya Turkana. Serikali ya kikoloni ilipotaka sauti ya mtu isisikike, huku ndiko ilikompeleka. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung pamoja na wenzake, na kifungo chake kilipokwisha mwaka 1959 hakurudishwa kwao, bali aliwekwa kizuizini Lodwar hadi mwaka 1961. Umbali, joto na jangwa vilitumiwa kama kuta za gereza. Kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, kwa njia iendayo mpaka wa Sudan Kusini, iko Kakuma. Hapo kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, ikawapokea maelfu ya wavulana waliotembea kwa miguu kuikimbia vita ya Sudan. Na baada yao wakaja watu kutoka Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi, Uganda na kwingineko. Hao nao walifikiriwa kuwa wamefika mahali ambapo sauti ya mtu haitoki. Leo mambo yamegeuka. Neno lililoandikwa chini ya mti wa mkwaju Lodwar, au katika nyumba ya mabati Kakuma, laweza kusomwa Nairobi, Oslo na Muscat kabla mwandishi hajarudisha simu mfukoni. Mahali palipokuwa gereza la maneno pamekuwa chemchemi yake. Aliyepewa nguvu kama hiyo hapana budi ajifunze kuitawala.

Kwanza tumtazame mfugaji wa Kiturkana anapohama, kwa kuwa yeye ni mwalimu wetu katika jambo hili ingawa hajapata kuwa na tovuti. Majani yakikauka, jamaa huvunja makao yao, ambayo wao huyaita awi, wakafuata malisho. Vyombo vya maziwa, ngozi za kulalia, vibuyu na watoto wadogo hupandishwa juu ya punda. Lakini punda ana mgongo mmoja, na safari ni ndefu. Kwa hiyo kila kitu huulizwa swali kabla ya kufungwa kamba: je, wewe watufaa huko twendako? Kisichofaa huachwa. Miti ya nyumba ya zamani hubaki pale pale, na upepo huimaliza. Mfugaji hahitaji kusoma kitabu cha falsafa ili ajue tofauti ya kitu cha lazima na kitu cha anasa. Punda amekwisha kumfundisha.

Mwenye tovuti hana punda. Intaneti hubeba kila anachokitwika na hailalamiki. Aweza kuongeza habari juu ya habari, picha juu ya picha, mwaka baada ya mwaka, wala hakuna mgongo utakaokatika. Urahisi huu ndio hatari yake. Palipo na uzito, uzito huchagua kwa niaba yetu. Pasipo na uzito, hatuna budi kuchagua wenyewe, na kazi ya kuchagua huwachosha watu kuliko kazi ya kubeba. Wazee wa pwani walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mshika ishirini je? Humponyoka yote, akabaki akishangaa kwa nini wageni wake hupita bila kuketi.

Natuweke mfano, tupate kushika jambo lenyewe. Tuseme yuko msichana wa Kakuma aliyemaliza shule ya sekondari. Kwa miaka minne ameandika katika tovuti yake kila lililomvutia: matokeo ya mechi, nyimbo mpya, bei za sokoni, ugomvi wa kwenye bomba, na picha za majirani wakiwa katika foleni ya chakula. Sasa ameamua kwamba ataandika habari za maji peke yake: yatoka wapi, yagawanywaje, hupungua lini, na mto Tarach unapofurika baada ya ukame huwafanya nini waliojenga kando yake. Ametaka pia sura mpya ya tovuti ilingane na kazi mpya. Je, amechagua vema, na ayafanye nini yale ya miaka minne iliyopita?

Nafikiri mtu anayechagua jambo moja la kulisemea aweza kujipima kwa maswali matatu. La kwanza: je, nalijua kwa karibu, au nalisikia tu kwa wengine? La pili: je, yuko mtu anayelihitaji ambaye hawezi kulipata kwa urahisi mahali pengine? La tatu: je, nitaendelea nalo hata siku ambayo hakuna atakayenisifu? Msichana wetu hujibu ndiyo katika yote matatu. Huchota maji kila siku. Wageni waandikao habari za kambi hupita kwa siku chache kisha hurudi kwao. Na maji si jambo linalochukiza au kupendeza kwa msimu, kwa kuwa kiu haina msimu.

Tena hatakuwa wa kwanza kuifuata njia hiyo Kakuma. Mwaka 2008 wakimbizi waandishi walianzisha gazeti lao katika intaneti, Kakuma News Reflector, ambalo kwa kifupi huitwa KANERE. Hawakujaribu kueleza mambo ya dunia nzima. Walichagua kazi moja: habari za kambi ziandikwe na wenyewe wakaao kambini, bila kuwa chini ya mashirika yanayoihudumia. Dunia ilikuwa na magazeti mengi ya kueleza mambo ya Paris na New York. Haikuwa na mengi yenye mwandishi ambaye usiku ule ule alilala Kakuma. Hapo pana fundisho. Kupunguza uwanja wa maneno yako si kujinyima, endapo uwanja ulioubakiza ni ule unaoweza kuulima kuliko mtu mwingine.

Lakini yuko mshauri mwingine, naye ni hodari wa kushawishi. Huyu humwambia mwenye tovuti: angalia hesabu ya wageni, kisha ufuate walichokipenda. Msichana wetu akimsikiliza ataona kwamba picha za foleni ya chakula ndizo zilizotazamwa kuliko zote, na kwamba habari za bomba zilisomwa na wachache. Basi je, aache maji, afanye tovuti ya njaa?

Tusijibu kwa haraka, maana picha za taabu zina kazi yake. Mwaka 2011, ukame ulipoikamata Turkana, picha za watu walionyong'onyea ziliwagusa Wakenya, wakaanzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Wengi walitoa kwa njia ya simu, kila mtu kwa uwezo wake, na mchango ukavuka lengo lake la kwanza la shilingi milioni 500. Chakula kilifika kwa wenye njaa. Asiyeona wema katika jambo hilo ana moyo mgumu. Walakini picha zile zilikuwa mwito wa siku ya shida, na mwito ukigeuzwa kuwa wimbo wa kila siku hupoteza maana yake na kumpoteza anayeimbwa. Mtu akionyeshwa daima katika foleni, mtazamaji wa mbali husahau kwamba mtu huyo ana ufundi, ana utani, ana deni dukani, ana binti aliyefaulu hesabu. Humjua tumbo tu. Mwandishi anayechagua jambo lake kwa sababu taabu ya jirani huvuta macho, amemfanya jirani kuwa bidhaa na yeye mwenyewe kuwa mchuuzi. Hesabu ya wageni hueleza wangapi waliingia. Haiwezi kueleza kama walitoka wakiwa na hekima zaidi au heshima pungufu. Kwa hiyo msichana wetu na ashike maji yake.

Sasa tuingie katika sura ya tovuti. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: methali hii ingetosha kwa wale wanaobadili rangi mara tatu kwa mwaka na kuandika mara moja. Hata hivyo singependa kuidharau sura, kwa sababu ndani yake limo jambo la haki ambalo wengi hawalioni.

Tovuti ya kwanza duniani ilitengenezwa na Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN karibu na Geneva, ikafunguliwa kwa watu mwaka 1991. Ilikuwa maandishi matupu, pamoja na viungo vya kumpeleka msomaji kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Haikuwa na picha hata moja, na iliitimiza kazi yake. Tangu hapo wajenzi wameongeza mapambo, na kila pambo lina uzito ambao mwenye tovuti haulipii. Huulipa mgeni. Fanya hesabu nami. Insha yenye maneno 2,000, kila neno likihesabiwa kuwa herufi saba pamoja na nafasi, ni herufi 14,000. Kwa kawaida herufi moja huchukua baiti moja. Basi insha nzima ni kilobaiti 14 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu na kuwekwa bila kupunguzwa yaweza kufika megabaiti 5. Picha hiyo moja ina uzito wa insha zaidi ya 300.

Mtu wa Nairobi mwenye intaneti ya ofisi hahisi chochote. Lakini mama wa Kakuma aliyenunua bando dogo kwa fedha za mboga, na mwanafunzi wa Lodwar anayengoja ukurasa ufunguke huku mtandao ukikatika, hao watafukuzwa mlangoni na mapambo yale. Je, si kioja kwamba tovuti ihusuyo maji ya Kakuma isiweze kufunguliwa Kakuma? Mwenye nyumba aliyepanga viti vya fahari hata njia ikazibika, amewaalika matajiri na kuwafungia jirani zake, ingawa hakutamka neno la kiburi. Vivyo hivyo wako wasioona kwa macho, ambao simu huwasomea maandishi kwa sauti. Picha isiyoelezwa kwa maneno ni giza kwao. Kwa hiyo anayeipanga upya tovuti yake asiulize kwanza, itapendeza? Na aulize, ni nani atakayeshindwa kuingia? Akilijibu swali hilo kwa haki, uzuri utafuata wenyewe, maana nyumba safi, yenye hewa na njia iliyo wazi, haijapata kuwa mbaya.

Tumefika mahali pagumu zaidi: vitu vya zamani. Msichana wetu ana miaka minne ya maneno. Aweza kuifuta kwa kidole kimoja. Je, afute?

Hapa watu hugawanyika. Wengine husema kufuta ni kudanganya: ulichokisema ulikisema, na mwungwana huishi na maneno yake. Wengine husema kila mtu ana haki ya kukua, na haifai kijana wa miaka ishirini na mitano ahukumiwe kwa upuuzi aliouandika akiwa na miaka kumi na mitano. Kila upande umeshika sehemu ya kweli. Makosa yao ni kwamba huyachukulia maneno yote ya zamani kuwa kitu kimoja. Mimi naona ni aina tatu, na kila aina ina hukumu yake.

Aina ya kwanza ni maneno na picha zinazomdhuru mtu mwingine. Picha za majirani katika foleni zimo katika aina hii. Wengine hawakuulizwa ridhaa; wengine walikuwa watoto. Na Kakuma jambo hili si la heshima peke yake, ni la usalama. Mkimbizi ni mtu aliyemkimbia mtu. Uso wake ukiwekwa pamoja na jina lake na mahali anapokaa, aliyemkimbia amekwisha kuonyeshwa njia. Sheria nayo imeona hatari hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hulinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hutaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto. Lakini hata pasipo sheria, dhamiri ingetosha. Picha kama hizo zifutwe, wala zisingoje siku ya kupamba. Tena kufuta hakumalizi deni. Maji yakimwagika hayazoleki: tangu mwaka 1996 liko shirika la Marekani, Internet Archive, linalokusanya nakala za kurasa za tovuti, na mtu yeyote aliyeiona picha aweza kuwa ameihifadhi. Kwa hiyo mwandishi mwema humwendea jirani, akamweleza alichokiweka na alichokiondoa, ili jirani ajue la kujihadhari nalo.

Aina ya pili ni maneno ambayo si kweli. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya bonde la Lotikipi, huko huko Turkana, imegunduliwa hazina kubwa mno ya maji. Magazeti ya dunia yalishangilia, na watu wengi wakaona kiu imepata mwisho. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba maji yaliyopimwa yalikuwa na chumvi nyingi, hayafai kunywewa vivi hivi. Sasa tuseme kwamba katika maandishi yake ya miaka minne msichana wetu aliinukuu furaha ile ya 2013 bila kutaja chumvi. Akiyaacha maneno yale jinsi yalivyo, atakuwa anawanywesha watu tumaini lisilokuwapo. Akiyafuta kimyakimya, wale waliomwamini watabaki na kosa vichwani mwao, wala hawatapata habari kwamba limesahihishwa. Njia ya haki ni ya tatu: ayaache mahali pake, na juu yake aandike kwa herufi wazi kwamba habari hii ilibainika hivi na hivi, pamoja na tarehe. Katiba yetu, katika kifungu cha 35, humpa kila mtu haki ya kutaka habari zinazomhusu, zisizo za kweli au zinazopotosha, zisahihishwe au zifutwe. Mwungwana hangoji adaiwe haki hiyo. Na msomaji akiona kwamba mwandishi husahihisha hadharani, humwamini zaidi katika yale asiyoyasahihisha.

Aina ya tatu ni maneno ya uchanga tu: mashairi yenye vina vilegevu, ubishi juu ya timu, majigambo ya mwaka wa kwanza. Hayakumdhuru mtu wala hayakupotosha njia. Haya ni mali ya mwenyewe. Akitaka ayafute, akitaka ayaweke ghalani, akitaka ayaache watu wacheke. Mti haulaumiwi kwa kuangusha majani ya mwaka jana.

Lakini na tuweke mpaka mmoja. Wako watu wanaofuta ili wabadili hesabu ya maisha yao. Mtu aliyemsifu kiongozi mwizi kwa miaka mingi kwa sababu ya fadhila, kisha kiongozi yule akaanguka, huamka siku ya pili akiwa na tovuti mpya kabisa yenye kichwa kinachosema habari za uadilifu, na sifa zile hazionekani tena. Hakutamka uongo hata mmoja. Walakini amedanganya, kwa kuwa kimya chake kimepangwa ili kiaminiwe. Tofauti ya mtu huyu na kijana aliyefuta mashairi yake ni nia. Mmoja ameacha jambo lisilo na deni. Mwingine amekimbia deni usiku. Nawe msomaji, ukitaka kujua uko upande gani, jiulize: mtu akiniuliza waziwazi habari ya nilichokifuta, je, naweza kumjibu bila kugeuza uso?

Liko deni jingine dogo ambalo husahauliwa. Katika mito mikavu ya Turkana wafugaji huchimba visima mchangani na kuvizungushia miiba. Jamaa wakihama, yupo mpita njia atakayekikumbuka kisima kile na kukifuata kwa siku nzima. Anwani ya ukurasa ni kama kisima hicho. Mwalimu ameinakili ubaoni. Mwanafunzi ameiandika mwishoni mwa daftari. Mwandishi mwingine ameitaja katika makala yake. Tovuti ikipangwa upya bila uangalifu, anwani zote hubadilika, na mpita njia hukuta mchanga mtupu. Mwaka 1998 Berners-Lee yule yule aliandika akiwasihi wenye tovuti wasibadili anwani za kurasa zao ovyo. Na mwaka 2013 CERN waliirudisha tovuti ya kwanza katika anwani yake ya asili. Msichana wetu, akihamisha habari za maji kutoka chumba hiki hadi kile, na aweke alama kwenye njia ya zamani itakayomfikisha mgeni mahali papya. Ni kazi ya saa chache, na hakuna atakayemshukuru, kwa maana aliyefika salama hajui kwamba angaliweza kupotea.

Najua litakaloniuliza baraza la wasomaji wangu. Mtasema: nyumba ni yake, jina ni lake, simu ni yake, kwa nini afungwe na madeni yote haya? Je, hana uhuru? Nakubali kwamba ana uhuru, na uhuru wake ni mkubwa. Hakuna wa kumchagulia jambo la kuandika, wala rangi, wala siku ya kuanza. Uhuru wa kusema ni haki yake, na watu wamefungwa jangwani humu kwa ajili yake. Lakini mtu aliyejenga nyumba katika uwanja wa watu, akaweka mlango wazi na kuwaita wapitao, hawezi tena kusema kwamba kilichomo ndani hakimhusu mtu mwingine. Alipotuita alikubali kuwa mwenyeji. Uhuru humpa haki ya kuhama atakapo. Hausemi kwamba aweza kuhama na vyombo vya majirani, wala kwamba aweza kukifukia kisima.

Wewe unayesoma kurasa hizi pengine huna tovuti bado. Yumkini utakuwa nayo kabla hujafika miaka thelathini, na kama si tovuti, basi una ukurasa wenye picha na maneno yako mahali fulani katika intaneti, nao siku moja utataka kuupanga upya. Siku hiyo ikija, usianze na rangi. Keti na kalamu na karatasi. Andika ni jambo gani moja unalolijua kwa karibu, na ni nani anayelihitaji. Kisha pitia ya zamani, ukurasa kwa ukurasa, na kila unapokuta jina au uso wa mtu mwingine, simama. Mwulize kama anapatikana. Kama hapatikani, mhurumie kama ambavyo ungetaka uhurumiwe. Sahihisha la uongo palipo na mwanga. Acha alama kwenye njia. Ukiisha kufanya hayo, chagua rangi uitakayo.

Kazi hiyo ya kwanza itakuchukua majuma, na ya pili itakuchukua jioni moja. Mgeni akija ataisifu ile ya jioni moja. Iache asifu, nawe ujue ni ipi iliyoijenga nyumba.